Kitambaa cha Namba Tasa

Mume wangu alikuwa fundi wa vinanda. Kupiga hakujua sana. Kazi yake ilikuwa kukaza nyuzi za vinanda vya watu, kichwa kakiinamisha kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani ukutani. Mimi nilidarizi vitambaa vya meza. Shule sikuiona, ila mishono nilijua kuihesabu.

Siku moja karakanani aliniambia kwamba kila sauti ina namba yake, yaani idadi ya mitetemo ya uzi.

"Na namba zote zinatokana na namba tasa," alisema. "Mbili, tatu, tano, saba. Hizo hazigawanyiki."

Sindano ikanidondoka. Tasa ndilo jina aliloniita mama yake, kwa kuwa sikushika mimba.

"Sasa unanuna nini? Namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote. Bila hizo hakuna hesabu wala muziki."

Basi nikachukua kitambaa cha kijivu, kila tasa nikaipa rangi: mbili nyeupe, tatu nyekundu, tano bluu, saba nyeusi. Kumi na mbili, kwa kuwa ni mbili mara mbili mara tatu, ikawa nyeupe mbili na nyekundu moja. Kumi na nane, nyeupe moja na nyekundu mbili. Mume wangu akazipiga sauti za namba hizo mbili pamoja, zikapatana, maana rangi zilishikana na zilizobaki zilikuwa chache. Saba na kumi na mbili hazikushirikiana hata uzi, zikaparuza masikio.

"Mke wangu," akasema, "wewe unaona ninachosikia."

Wiki hiyohiyo mama mkwe alikuja kula kwetu.

"Mwanangu, hili tasa utalifuga mpaka lini? Hata kuku asiyetaga hupewa notisi."

Nilimtazama mume wangu. Nilichotaka ni yale maneno ya karakanani tu, ayaseme hapo mezani. Akaomba chumvi.

Mwaka haukuisha akaoa mwingine. Niliondoka na sindano zangu na kitambaa. Watoto alipata, na sina neno nao.

Juzi amekuja. Masikio yamemwisha, wateja wanamkimbia. Mama yake alishazikwa. Alisimama mlangoni kwangu ghorofani, akapaza sauti kama wafanyavyo viziwi:

"Mwenzangu, naomba kile kitambaa! Kama sisikii, angalau nione!"

Majirani wakatoa vichwa.

"Ulimpa nini mwanamke tasa, hata leo unakuja kumwomba?" nikamuuliza.

Alidaka neno moja tu. "Eeh, tasa! Namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote!"

Ghorofa nzima ilisikia. Maneno niliyoyangoja mezani yalikuja wakati aliyepaswa kuyasikia yuko kaburini, na msemaji mwenyewe hasikii anachosema. Ningeyapata siku ile, pengine hadi leo ningekuwa nakaa karakanani kwake, nadarizi.

Nikamkunjia kitambaa, nikamkabidhi.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Asante," akajibu, akashuka ngazi amekikumbatia.