Mwaka wa Gari la Misheni

Pale Katandala, ukitaka kuujua umri wa Landrova usiangalie kadi, maana kadi hubadilishwa. Muulize Isdori, fundi wa gereji. Atalizunguka gari mara moja, mikono nyuma, halafu atakutajia mwaka, na ukibisha utaishia kumnunulia soda. Lakini lilikuwapo gari moja ambalo hakuwahi kulizunguka hivyo, nalo ndilo lililompa ukubwa wake wote.

Ni gari la misheni. Mama yake alijifungulia humo akikimbizwa hospitali, akakata roho kabla ya kufika. Bibi yake, aliyekuwa amemshikilia njia nzima, akarudi Mollo na kitoto ndani ya kanga. "Ulizaliwa humu, siku motokaa hii ilipofika," bibi alimwambia kila Jumapili baada ya misa, akiugonga mlango kwa fimbo. "Hata tope ilikuwa haijapata." Bibi hakujua miaka. Alipompeleka mjukuu abatizwe aanze shule, aliyehesabu ni katekista: gari la misheni lilikuja mwaka sitini na nane, basi mtoto ni wa sitini na nane. Kwa hesabu hiyo Isdori akaingia darasa la kwanza akiwa na miaka kumi na moja na mwili wa mtoto wa saba. Watu wakamhurumia. Maskini, amedumaa, hakupata ziwa la mama.

Mwili ulikuja kukua. Ukubwa ukabaki palepale, na Isdori akautumia. Tuseme kweli, akautumia mno. Kwao anayetangulia ni aliyezaliwa kwanza, hata baba yake awe mdogo, na kati ya wajukuu wa kiume wa ukoo hakuna aliyemzidi. Fabiani, mtoto wa baba yake mkubwa, alizaliwa Mpanda mwaka sabini, akaja Mollo tayari anajua kusoma, na tangu siku ile alimpa Isdori shikamoo yake bila kukosa. Isdori aliipokea kama mtu anayepokea haki yake. Kwenye vikao Fabiani akifungua mdomo, Isdori alikohoa tu, mdomo ukafungwa.

Mwaka jana alifariki shangazi yao Hellena. Hakujaliwa mtoto. Fabiani na mkewe ndio waliomuuguza nyumbani kwao, kumnywesha uji wa ulezi, kumgeuza kitandani, kumfulia. Isdori alikuwa akipita kusalimia. Siku ya mazishi, jeneza lilipokwisha kushushwa, Fabiani alimsogelea akamnong'oneza, "Kaka, nakuomba nitangulie mimi kutupa udongo. Mwenyewe aliniomba."

Isdori hakunong'ona. Alijibu ili wote wasikie: "Ukubwa hauombwi, Fabiani. Kalete maji watu wanawe."

Fabiani akaenda kuleta maji. Aliporudi na ndoo, shangazi alikuwa amekwisha kufunikwa.

Sasa parokia inajiandaa na yubilei, na gari la misheni, lililozeekea nyuma ya ghala, lilisukumwa nje likaoshwa. Lilitakiwa kupakwa rangi na kuandikwa mlangoni mwaka lilioletwa jipya kutoka kiwandani. Kupaka rangi na kuandika mabango ndiyo kazi ya Fabiani, akapewa yeye. Kuuthibitisha mwaka akapewa Isdori, nani mwingine? Akaja amevaa koti. Alikuwa na mwaka wake mdomoni tangu utotoni, hakuhitaji kutazama chochote. Ila Fabiani alikuwa anamtazama, na Isdori hawezi kutazamwa asijionyeshe. Akaweka mikono nyuma, akaanza kuzunguka.

Taa za mbele zilikuwa kwenye madigadi, si katikati kama za sitini na nane. Hilo alikuwa amelijua siku zote, na siku zote alikuwa amejiambia kwamba taa huhamishwa. Akashuka kwenye sho, ule wavu unaokinga rejeta. Ulikuwa wa plastiki. Landrova ya sitini na nane ina wavu wa chuma. Akafungua mlango, akaipangusa dashibodi kwa mkono wa koti lake zuri. Saa zote, ya mwendo na ya mafuta, zilikuwa mbele ya usukani. Za sitini na nane hukaa katikati. Somo hilo aliwafundisha vijana wa gereji kwa kuwapiga makwenzi.

Akapiga magoti atafute mahali palipochomelewa, tundu lililozibwa, skrubu isiyo yake, chochote cha kumwokoa. Hakukuwa na kitu. Gari lilitoka kiwandani hivyo hivyo lilivyo, na lilitoka mwaka sabini na mbili. Ndipo akakumbuka wazee walivyokuwa wakisimulia habari za gari jingine la misheni, la kwanza, lililoporomoka kwenye mteremko wa kushukia bonde la Rukwa. Katekista alikuwa amelihesabu lile.

Kumbe hakudumaa. Alikuwa mtoto wa miaka saba mwenye mwili wa miaka saba, na mtu aliyempa shikamoo maisha yake yote amemzidi miaka miwili.

Masikio yalimwaka. Aliona aibu mpaka akatamani abaki pale chini ya gari. Wala haikumjia picha ya shikamoo zote zile. Iliyomjia ni ile ndoo ya maji, na Fabiani aliyeibeba kupita katikati ya watu, ameinamisha kichwa.

"Kaka," Fabiani aliita, brashi mkononi, "niandike ngapi?"

Walikuwa wawili tu uwanjani. Mkoa mzima hakuna ambaye angembishia Isdori. Neno moja tu, na ukubwa wake ungepakwa rangi upya na kubarikiwa na padri juu yake. Alikifungua kinywa kulisema. Lakini mficha uchi hazai.

"Andika sabini na mbili."

Fabiani akachora saba, taratibu, kwa mkono uliozoea. Alipofika kwenye mbili, brashi ikasimama. Yeye si mtu wa kufanyiwa hesabu na wenzake.

"Wewe si ndiye uliyezaliwa humu?"

"Ndimi."

"Siku lilipofika?"

"Siku lilipofika." Isdori akalivua koti, sijui kwa nini, akalishika mkononi. "Shikamoo, kaka."

Fabiani hakuitikia. Aligeuka akaimalizia ile mbili, akaurudia mkia wake uliokuwa hauna kasoro, kisha akasimama akiitazama mikono yake iliyojaa rangi. Isdori alingoja. Angetukanwa angeshukuru, lakini hakutukanwa.

Basi akatundika koti kwenye mlango wa ghala, akachukua ndoo, akaenda bombani. Hakuna aliyemtuma. Aliirudisha imejaa, akainama, akachota kwa kopo na kummiminia Fabiani mikononi. Fabiani alinawa bila haraka, kidole kwa kidole, mpaka maji ya ndooni yakakaribia kwisha.

"Shangazi alikuwa ananiita mkubwa," alisema. "Nikamwambia amechanganyikiwa kwa ugonjwa."

Akajikung'uta maji, akamtazama Isdori aliyekuwa bado ameinama na kopo.

"Marahaba," akasema.