Kamati Ilipokuja Kuiona Shida Yangu

Baba ya watoto wangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Nadhani kazi hiyo ilijificha vizuri sana, maana hadi leo bado anaitafuta. Aliniachia watoto watatu, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, pale Jericho, na ushauri kwamba nisiwe na wasiwasi. Ushauri niliutunza. Kodi ndiyo iliyonishinda.

Nilikuwa nikishona mashati katika kiwanda kimoja huko Industrial Area, na mshahara ulitulisha karibu mwezi mzima, tukila kwa adabu. Kisha siku moja tajiri akatuita uani, akatushukuru kwa uaminifu wetu, akatuambia tusirudi kesho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na watu wengi mtaani walikuwa wakishukuriwa namna hiyo.

Kodi ikaanza kulala. Ililala mwezi mmoja, ikapata mwenzake, halafu ikawa familia. Jumatatu moja asubuhi akaja askari wa kanjo, mtu mzima mpole, akavua kofia mlangoni.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini Ijumaa tunapita na makufuli. Kama hujalipa tunafunga, na vitu vikiwa ndani. Watoto uwatoe mapema, tafadhali."

Nikamshukuru. Ndivyo mama yangu alivyonilea, nishukuru kila mtu, na malezi hayo yamenigharimu sana maishani.

Nilikwenda kwanza kwa kaka yangu huko Kariobangi, aliyekuwa akitengeneza masanduku ya bati. Alinisikiliza huku akigonga nyundo, akatikisa kichwa kwa huzuni nyingi, akaahidi kuniombea. Basi nikaona kama ni maombi, heri niende moja kwa moja kanisani.

Kanisa letu lilikuwa na kamati ya wahitaji. Mwenyekiti wake alikaa Buruburu, kwenye nyumba yenye vyumba vitatu vya kulala na geti, kwa hiyo mambo ya uhitaji aliyajua kwa kuyasikia. Alinieleza utaratibu kwa upole kabisa. Msaada hautolewi hivi hivi. Lazima kamati ije nyumbani, iketi, ione hali kwa macho yake. Wangekuja kesho yake, saa kumi alasiri.

Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani, akaiacha nyumba ilivyo, na kuwaketisha wale watu kwenye debe. Mimi sikufikiria kamati. Nilifikiria wageni. Na mgeni kwetu haingii ndani akaona sufuria tupu, hata kama sufuria tupu ndiyo aliyokuja kuiona.

Nilipiga deki mpaka sakafu ikaniogopa. Watoto nikawasugua na kuwavalisha nguo za Krismasi. Kisha nikaenda kwa jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Pumwani mwenye asili ya Pwani, aliyekuwa akiuza mahamri. Nilitaka kuazima chupa ya chai tu.

"Shoga, watu wa dini hao," akasema. "Utawanywesha kwenye mabati? Hebu ngoja."

Akafungua kabati lake la vioo, akanitolea vikombe vyenye maua ya dhahabu ambavyo hata mume wake hakuruhusiwa kuvigusa. Akaongeza vitambaa vya kochi alivyofuma mwenyewe, na zulia dogo. Unga nikakopa dukani. Senti zangu za mwisho nikazipeleka Soko la Burma, nikarudi na nusu kilo ya nyama isiyo na mifupa. Nilipika chapati na mchuzi kama mtu anayeoza binti.

Kamati ikaja, mwenyekiti na akina mama wawili. Mmoja wao alikuwa jirani wa mistari ya nyumba za nyuma pale pale Jericho, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vyeusi vya kung'aa, ambaye kanisani aliketi mbele kabisa. Niliwakaribisha. Wakaomba, wakala. Mwenyekiti alizila zile chapati mpaka nikaanza kumheshimu. Watoto wangu walisimama ukutani wakitazama sahani, wasafi kama malaika, na tabasamu niliyowaamuru wawe nayo.

Halafu wakatazama ile nyumba. Niliona macho yao yakitoka kwenye zulia yakienda kwenye vitambaa, kutoka vitambaa hadi vikombe. Hapo ndipo akili ilipoamua kunirudia, ikanikuta mikono imejaa sahani.

"Dada," akasema yule mama wa viatu, "kusema kweli Mungu amekuona. Kuna watu huku wana shida."

Mwenyekiti akaitikia, akajifuta midomo. Akaniomba niwakumbuke wahitaji katika maombi yangu, na kama nitajaliwa, katika sadaka pia. Wakatoka wameshiba. Nilikaa kwenye kile kitambaa kizuri nikalia kwa hasira. Watoto walikula mchuzi uliobaki. Nyama haikubaki.

Jirani alipokuja kuchukua vyombo vyake aliniuliza kama walipenda vikombe. Nikamwambia walivipenda mno.

Kesho yake, Jumatano mchana, hodi mlangoni. Ni yule mama wa viatu, safari hii peke yake. Nikadhani amesahau kitu, labda kipande cha chapati. Akaketi kwenye debe, maana kochi sasa lilikuwa limebaki na mbao zake, lakini hakuona. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Dada, hili ni siri yetu," akasema. "Nimeona jana vile mambo yako iko sawa. Nilikuwa nataka kukuomba unisaidie kidogo, nitarudisha. Ijumaa kanjo wanakuja kunifungia."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu kile kicheko, na hakikuwa kizuri.

"Vikombe ni vya jirani," nikamwambia. "Zulia ni lake. Unga ni wa duka. Mimi pia wananifungia Ijumaa, mama, na wewe ndiye uliyesema sina shida."

 Ndipo akatazama lile debe alilokalia, na zile mbao.

"Viatu ni vya dada yangu," akasema.

Nikamuuliza mumewe yuko wapi. Akasema Mombasa. Mji ule lazima ulikuwa umefurika.

"Sasa, nikienda kuwaambia kwamba huna kitu, wataniuliza nimejuaje," akasema.

"Wataniuliza" hiyo ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Kwa mwanakamati kuomba ilikuwa aibu kubwa, na kumwomba mhitaji aliyekataliwa ilikuwa aibu isiyo na jina. Sikumshawishi. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilimwacha atoke bila hata kumpa maji.

Kamati ilikaa Alhamisi. Alisimama mbele yao akasema yote, kwamba alikuja kwangu kukopa, na alichokikuta, na kwa nini alikuwa akikopa. Mimi niliyasikia baadaye kwa yule mama mwenzake wa kamati. Kamati iliguswa. Jioni hiyo hiyo wakaniletea pesa za kodi, zikiwa na neno la faraja. Yeye pia walimpa neno la faraja, wakamwondoa kwenye kamati, maana mwanakamati anayekopakopa huharibu jina la kanisa.

Ijumaa askari wakaupita mlango wangu, wakaenda mistari ya nyuma, wakafunga wake. Saa moja baadaye alikuwa kwangu na watoto wawili na godoro lililofungwa kamba. Tulikuwa watu saba.  Nilimsaidia kufungua ile kamba, nikaona aibu ambayo haikuwa yangu peke yangu.

Jumapili baada ya ibada mwenyekiti akaniita. Kiti kimoja cha kamati kilikuwa wazi, akasema, na wao waliona kwamba mimi ninauelewa uhitaji. Nikakaa. Mtu wa kwanza aliyetajwa alikuwa yule mama wa viatu. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayejua hali yake kwa sasa. Nikasema mimi ninajua, yuko kwangu na watoto wake.

"Oh, kumbe ana mahali," akasema, akapumua. "Tumshukuru Mungu. Tuende kwa mwingine."

Nikamwambia ndiyo, mahali anapo. Lakini kwangu tunalala mpaka chini ya meza, na kwa kuwa nyumba yake Buruburu ina vyumba vitatu, leo jioni nitamletea mama huyo, watoto wake wote wawili na godoro lao, na hahitaji kuhangaika, hatutapika chapati. Wenzangu wakatazama chini. Mwenyekiti akakohoa, akafikiri, akasema kwamba sasa akiitazama vizuri, ile kesi ilikuwa ya dharura.

Jumanne, kodi ikiwa imelipwa, askari wakamfungulia mlango wake.