Mahindi Yaliyokwenda na Kurudi

Mwezi uliopita nilipeleka pikapu yangu kwa fundi mmoja mtaa wa Mazwi, hapa mjini, kwa maana springi za nyuma zilikuwa zimelala hata bodi likakaribia kugusa tairi. Fundi alichuchumaa, akachungulia uvunguni, kisha akauliza huku akijifuta mikono: "Mama, gari hili linabeba nini siku nyingi?" Swali hilohilo nililisikia utotoni, akiulizwa baba yangu, na jibu alilolitoa siku ile nusura lininyang'anye bibi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikatandazwa sokoni, na mahindi ya Ufipa, ambayo awali yalikuwa na mnunuzi mmoja tu, yakaanza kugombewa na watu wa kila pembe. Baba alikuwa karani wa ghala la ushirika hadi ghala lilipofungwa. Ndipo akanunua pikapu kuukuu yenye rangi ya maziwa, ikawa ndiyo kazi yake. Wakati wa mavuno ilibeba mahindi. Lakini kila Jumamosi, mavuno yawepo yasiwepo, ilikwenda kijijini Mpui kumchukua bibi, mama yake mzazi, aje kulala kwetu mtaa wa Izia na kusali Misa ya Jumapili mjini.

Laiti ungelikuwapo bibi akishuka! Kanga zake zilinukia moshi wa jikoni, na kikapu chake kilijaa unga wa ulezi ambao mama aliusonga jioni ileile, ugali mweusi unaong'aa, tukaula na maharage. Mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na miaka mingi ya kulima matuta, hivyo alikaa kwa hadhari, kama mtu anayeweka chini chungu chenye ufa. Tulilala kitanda kimoja. Baridi ya uwanda wetu unaijua; niliingiza nyayo zangu katikati ya miguu yake, naye akalalamika, "Mke mwenzangu, miguu hii umeitoa mtoni?"

Msimu mmoja springi za pikapu zilichoka. Gari likipakiwa, mkia ulishuka na pua ikainuka, taa zikimulika vilele vya mikaratusi badala ya barabara. Baba akanichukua tukaenda kwa fundi.

"Mzee, linabeba nini siku nyingi?"

"Mahindi, fundi. Niwekee ngumu kabisa, za kubeba haswa."

"Na likiwa tupu?"

"Litakuwaje tupu? Siku hizi ni za biashara!"

Watu waliokuwa pale wakacheka kwa kumuunga mkono. Mji mzima ulikuwa na kosa hilo: kila mwenye gari alilipimia miezi ya mavuno, akaisahau iliyobaki.

Jumamosi iliyofuata bibi alishuka akiwa ameushika mlango kwa mikono miwili, akaketi palepale majanini. Gari tupu lenye springi ngumu lilikuwa limeruka kila shimo kutoka Mpui. "Mwanangu," alisema, "gari lako linanitwanga kinuni." Wiki iliyofuata baba alirudi peke yake. Bibi alikuwa amemtuma atuambie kwamba anataka kufa akiwa mzima. Mama alicheka, mimi nililala peke yangu, nikakunja miguu.

Kuzing'oa springi zile hakukuwezekana, kwani mavuno yalizitegemea, nasi tuliyategemea mavuno. Jumamosi nyingine nilimwona baba akitoa magunia ya mahindi stoo, chakula chetu wenyewe, akiyapanga bodini moja moja. Gari likatulia, likashuka kwa adabu. Huko Mpui alimwambia mama yake kwamba springi zimebadilishwa, naye bibi akapanda. Alifika akisinzia.

Tangu hapo magunia yalikwenda Mpui na kurudi kila Jumamosi bila kushushwa, nami nikikaa juu yake na sweta langu la shule, upepo ukiniliza machozi. Jirani yetu mfugaji, aliyehamia kutoka Usukumani na ng'ombe wake, hakuchoka kumtania baba.

"Jirani, mahindi yako yanatalii? Mbona hayauziki?"

"Yanakwenda kumsalimia mama."

"Basi yana heshima kuliko watoto wangu!"

Jioni moja, tukiwa tumejifunika, bibi aliniuliza polepole, "Mke mwenzangu, yale mahindi yana mnunuzi kweli?" Nikasema sijui. Alicheka hadi akaushika mgongo wake. "Mwongo yule mwanangu. Usimwambie kama ninajua."

Sikumwambia.

Bibi alifariki wakati wa mvua, hospitalini mjini. Ndugu walipokuja kupakia jeneza waliyakuta magunia bodini. "Kaka, tuyashushe haya, tupate nafasi ya watu," baba mdogo alisema. Baba alitikisa kichwa. "Yabaki. Mama hapendi kutikiswa." Waombolezaji wakatafutiwa lori, nasi tukatangulia taratibu, jeneza limelala juu ya mahindi, baba akikwepa kila shimo.

Sasa barabara ile ni lami. Safari iliyokula asubuhi nzima huisha kabla mazungumzo hayajanoga. Mikaratusi imekatwa, jirani alihama na ng'ombe wake, na baba naye amelala Mpui, kando ya mama yake.

Fundi alikuwa bado ananisubiri. "Magunia mangapi, mama?"

"Siku nyingi ni mimi peke yangu," nilisema.

"Basi tuweke laini."

Tukaweka laini. Jumamosi niliendesha hadi Mpui, na gari halikuruka hata mara moja. Kwenye kiti cha pembeni yangu, ambako bibi angesinzia, nilikuwa nimeweka kikapu cha unga wa ulezi, ili kiti kisiende kitupu.