Mpelelezi wa Redio na Dada wa Olbalbal

Kwa misimu miwili nilikuwa mpelelezi wa kujitegemea, kila Jumamosi jioni, dakika ishirini na tano. Siku nyingine nilikuwa fundi cherehani hapa Karatu, tena fundi asiyejua ameweka wapi mkasi wake. Mwongozaji wa mchezo wa redio alikuja kwangu kupunguza suruali, akanikuta nikimfokea mteja, akasema anatafuta sauti ya mama mwenye huruma. Mpaka leo sijui alisikia nini.

Mama huyo wa mchezoni hakumtishia mtu. Aliwakaribisha wezi na wauaji chai, akawasikiliza, wakakiri wenyewe huku wakilia. Mimi nilikuwa nagonga kijiko kwenye bakuli tupu ili chai isikike ikikorogwa. Watu walianza kuitambua sauti yangu, nami nikaanza kuulizia bei ya nyanya kwa sauti iliyofika mwisho wa soko.

Asubuhi moja aliingia kibandani kwangu mama wa Kimaasai mwenye umri wa kunizaa, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Nikamwamkia, nikimwita mama kwa Kimaasai. Akafumba macho.

"Sema tena."

"Shikamoo, yeyo."

"Ni wewe," akasema. "Yule mama anayetafuta watu."

Alikuwa ametoka Olbalbal, kipande kwa miguu, kipande kwa lifti ya lori. Mdogo wake aliolewa na mkulima wa huku Karatu, na sasa miezi mingi ilikuwa imepita bila mdogo huyo kupokea simu. Alifika kwao mara moja tu, siku ya harusi, na tangu hapo walikuwa wamehamia shamba jingine asilolijua.

Mtu mwenye adabu zake angesema, mimi ni fundi tu. Mimi nilivuta kiti. "Keti, yeyo. Nieleze tangu mwanzo," nikasema kwa ile sauti ya Jumamosi, na mwili ukanisisimka mimi mwenyewe.

Nilichukua daftari la vipimo, na chini ya nyonga za mke wa mchungaji nikaandika: *Mume. Mtuhumiwa.* Sikuwa na ushahidi wowote. Ila mchezoni kwetu mume hakuwahi kuwa na hatia, nikaona zamu yake imefika.

Tukaenda sokoni. Nilimbana muuza vitunguu mmoja kwa kosa la kutazama pembeni. Nikamtajia jina la mwanamke tunayemtafuta, nikamuuliza, "Mara ya mwisho ulimwona marehemu lini?"

Neno lilinitoka tu. Katika mchezo tulilitumia karibu kila wiki. Nyuma yangu nikasikia, "Amekufa?" Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameketi chini katikati ya maganda ya vitunguu, mikono kichwani, analia.

"Hajafa, yeyo. Yaani sijui. Nimekosea," nikasema. Sauti niliyotumia ilikuwa yangu, nyembamba, na hakuna aliyeitambua.

Muuza chai wa jirani akaja kumwinua, akamuuliza jambo kwa Kimaasai. Wakazungumza sentensi tatu, nne. Kisha muuza chai akanigeukia: "Mbona yupo? Maziwa yangu nanunua kwake kila asubuhi. Anakaa kule juu, nyuma ya gereji ya matrekta."

Tulipanda bodaboda. Mlango ukafunguliwa na mwanamume mwenye jembe mkononi, na mimi, ambaye nilipaswa kuwa nimeshajifunza, nikatangulia: "Shemeji, tumekuja kwa wema. Ukisema ukweli, moyo wako utapumzika."

"Ukweli upi? Yuko zizini, anakamua."

Mdogo mtu akatoka na ndoo. Alipomwona dada yake aliiweka chini, lakini hakumkimbilia. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Simu yangu ni nzima. Nilikuwa sitaki kupokea."

Alikuwa amefiwa na mtoto mchanga. Alipompigia dada yake, dada alimwambia ng'ombe hawana maji, wakishapata atakuja. Hakuja.

Baada ya hapo waliendelea kwa Kimaasai, muda mrefu. Niliambulia maneno mawili tu, ng'ombe na maji, na niliona mkubwa akiyasema akitazama chini. Nilikaa kwenye benchi na yule niliyemwita mtuhumiwa. Akanikatia kipande cha muwa.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Kwenye redio unasikika mrefu."

Nikawatazama wale dada wawili. Kila faraja niliyoijua ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, na haikufaa kumpa mama aliyezika mtoto. Nikatafuna muwa. Mwishowe mdogo akamimina maziwa kikombeni akamnyooshea dada yake. Yule mama akakipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo wote wawili wakalia pamoja. Mume akaniashiria tuondoke, tukaenda kutazama mahindi yake.

Yule mama alikaa kwa mdogo wake wiki nzima. Siku ya kurudi Olbalbal alipita kwangu, mdogo wake akimsindikiza, akanishika mkono.

"Redioni endelea, mwanangu," akasema. "Unafanya vizuri. Ila huku nje uwe unauliza watu kwanza."

Mdogo wake alicheka mpaka akaegemea cherehani yangu. Nikawaambia ni kweli, nikawasindikiza mpaka stendi.