Fawzia wa Tanuruni

Fawzia Khamis alizaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ambayo uani mwake baba yake alikuwa akiyeyusha alumini chakavu na kusubu masufuria. Kaka zake walifundishwa kazi hiyo tangu wadogo. Yeye alikuwa akitumwa maji na mkaa, kisha anaambiwa asogee pembeni asije akaungua. Alisogea, lakini macho hakuyaondoa. Alipenda kuona vipande vilivyokunjamana vikilegea, vikizama, halafu vinakuwa kitu kimoja kinachong'aa.

Alipoolewa na Faisal wakahamia Sydney. Walipanga Granville, karibu na stesheni, na Faisal akapata kazi ya udereva wa basi huko Liverpool, kitongoji cha Sydney hiyo hiyo. Binti yao Suhaila alipoanza shule, Fawzia akaomba kazi Tannerfield, kampuni ya kuyeyusha alumini iliyokuwa upande wa pili wa reli. Siku hizo Tannerfield ilikuwa banda moja na tanuru moja. Walinunua makopo ya soda, fremu za madirisha na rimu za magari, wakazigeuza kuwa vipande vya alumini safi vya kuuzia viwanda vingine. Fawzia aliwekwa kwenye mkanda wa kuchambua: alumini huku, chuma na plastiki kule.

Aliifanya kazi hiyo vizuri, ila moyo wake ulikuwa kwenye tanuru. Siku moja akamfuata meneja wa kiwanda, Mwaustralia mrefu aitwaye Maxwell, akamwambia anataka kuhamia huko.

"Hapana," Maxwell alisema. "Mtandio huo ukirukiwa na tone moja tu la alumini ya moto, utakuyeyukia kichwani. Sitaki kumpigia mumeo simu ya namna hiyo."

"Na nikipata usioshika moto?"

Maxwell alimtazama kidogo. "Ukiupata, njoo tuzungumze."

Fawzia akaenda kwa watu walioshona makoti ya mafundi wa tanuru, akawaomba kitambaa kile kile. Aliukata na kuushona mtandio kwa cherehani yake mwenyewe, ukabana shingo na kufunika mabega, usiwe na ncha inayoning'inia. Alipoupeleka kazini, Maxwell aliuvalisha mfuko wa mchanga, akachota alumini kwa upawa mrefu na kuumwagia. Alumini iliteleza chini ikagandia sakafuni. Mtandio ulibaki na doa la kijivu, basi.

"Unaanza Jumatatu," Maxwell akasema, na siku hiyo hiyo akaagiza ishonwe mingine.

Aliyemfundisha kazi alikuwa Nduwimana, Mrundi mpole aliyefanya kazi tanuruni muda mrefu kuliko wote. Wawili hao walizungumza Kiswahili, kila mmoja cha kwao.

"Mama Suhaila, moto si adui yako," Nduwimana alikuwa akimwambia. "Adui ni maji. Maji kidogo tu yakiingia chini ya alumini ya moto, inalipuka kama bomu. Kila kitu ikauke kwanza. Kila kitu."

Fawzia alijifunza kusoma rangi ya moto, kuondoa taka zinazoelea juu, na kuinamisha tanuru taratibu ili alumini itiririke bila kuruka. Alifanya mitihani ya usalama, akafeli mmoja, akaurudia akapita. Wakati huo huo Tannerfield nayo ilikuwa inakua. Banda likawa mabanda matatu, malori yakaanza kuingia kutoka Blacktown na mbali zaidi, na tanuru jipya kubwa likajengwa. Nduwimana alipoulizwa nani asimamie zamu ya mchana ya tanuru hilo, alimtaja Fawzia kabla swali halijaisha. Yeye mwenyewe hakutaka usimamizi. Alisema kelele za mikutano zinamuumiza kichwa.

Kisha ikaja siku ya dhoruba.

Ilikuwa alasiri ya kiangazi, joto limekaba tangu asubuhi. Kampuni ilikuwa imepata oda yake kubwa kuliko zote, ya mtengenezaji wa mabehewa ya treni, na tanuru lilikuwa limejaa pomoni. Radi ikapiga, umeme ukakatika eneo zima. Feni zinazopuliza moto zikazima, moto ukafa, mkanda wa kalibu, vile vyombo vya kumiminia alumini igande, ukasimama. Ndani ya banda ikawa kimya cha ajabu, ila mvua juu ya bati.

Maxwell alikuja mbio. Kampuni ya umeme ilikuwa imemwambia kwamba hawajui utarudi lini.

"Alumini ikigandia humo ndani, tanuru limekufa," alisema. "Na oda imekwenda nalo."

Fawzia akafunga mlango wa tanuru ili joto lisipotee, halafu akageuka kuwatazama watu wake.

"Tutalimwaga kwa mkono," alisema. "Pampu ya mkono ya kuinamishia tanuru ipo. Tutaliinamisha kidogo kidogo, tujaze kalibu kubwa za akiba. Forklifti za kuzibeba zinatumia gesi, hazihitaji umeme."

Kijana mmoja wa zamu akakimbilia uani kuzileta kalibu zilizokuwa nje. Fawzia alimpigia ukelele uliosikika banda zima: "Simama! Hizo zimelowa!"

Kalibu kavu zilikuwa chache. Ikabidi wazijaze hizo, wasubiri alumini igande, waigeuze nje, wajaze tena. Hizo nyingine Nduwimana alizipanga chini ya bati na kuzikausha moja moja kwa moto wa mitungi ya gesi, na hakuruhusu hata moja ipite bila yeye mwenyewe kuikagua.

Kazi iliyobaki ilikuwa ni mikono. Pampu ile ilikuwa nzito, imetengenezwa kwa dharura tu, na watu waliishika wawili wawili. Fawzia alihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili wote wavute pamoja. Mtu akichoka, mwingine anaingia. Maxwell alivua tai, akavaa koti la moto, akashika mpini.

"Vuta, bwana meneja!" Nduwimana alimtania, na Maxwell, ambaye hakujua neno moja la Kiswahili, akavuta.

Kuna wakati alumini ilianza kuwa nzito mdomoni mwa tanuru, ikitoka kwa kusitasita. Nduwimana aliinua macho. "Mama Suhaila, tanuru iko inapoa."

"Naiona. Leta gesi hapa mdomoni. Nyinyi msiache kuvuta!"

Waliupasha mdomo moto. Alumini ikasita, ikasita, kisha ikafunguka ikamwagika tena, nyeupe kama maziwa. Watu walipiga kelele kama uwanja wa mpira. Kabla jua halijazama, tanuru lilikuwa tupu, zima, halina ufa. Fawzia akanawa, akaswali alasiri yake iliyokuwa inakaribia kumponyoka, kisha akakaa chini sakafuni akicheka peke yake.

Umeme uliporudi waliyeyusha upya kila kipande, na mabehewa yakapata alumini yake. Oda hiyo ilileta nyingine, na nyingine zikajenga tanuru la tatu, kubwa kuliko yote. Leo Fawzia ndiye mkuu wa matanuru yote ya Tannerfield, na katika zamu zake wapo wanawake wengine wanne.

Siku tanuru la tatu lilipofunguliwa, familia zilialikwa. Faisal alikuja na shati lake la Idi. Fawzia alishika mpini wa kuinamishia tanuru, akawatazama mafundi wake mmoja mmoja mpaka kila mtu akamwinulia kidole gumba, kisha akainamisha. Alumini ilitiririka kwenye mfereji kama kioo kilichopata uhai. Nyuma ya uzio Suhaila aliruka juu juu akipiga kelele kwa Kiingereza kwamba yule ni mama yake, lakini ngurumo ya tanuru ilimeza sauti yake. Fawzia hakusikia kitu. Kalibu ya kwanza ilikuwa imejaa, naye alikuwa ameshamwonyesha Nduwimana kwa mkono: lete nyingine.