Picha Aliyoitaka Dada

Dada yangu mkubwa aliporuhusiwa kutoka hospitali, aliniomba nimpige picha ya kuwaachia watoto wake. Nilifunga studio yangu ya Majengo, nikamfuata nyumbani kwake Msamala. Alitaka tupigie uani, kwenye jua la saa kumi, akiwa amevaa kitenge kipya.

Jua lilikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso ukatoka mweusi. Nikawasha flashi. Ikammulika kwa nguvu, ikaanika kila mfupa wa mashavu yake. Akaomba aione.

“Kumbe nimekonda hivi, mdogo wangu?”

Nikapunguza nguvu ya flashi, nikarudi nyuma hatua mbili, nikapiga tena. Safari hii mwanga wake uliondoa giza usoni taratibu, na jua likabaki kwenye nywele. Aliitazama kwa muda mrefu.

“Hii wape watoto. Zile futa.”

Nilizifuta mbele yake. Tulimzika kabla mwezi haujaisha. Baada ya msiba, binti yake mdogo aliishika ile picha akaniuliza, “Mjomba, siku hii mama alikuwa amepona?”

Nikamwambia ndiyo, kisha nikatoka nje kulia.