Neno Moja Lililombakia Kinyozi

Wateja walimwita kinyozi huyu Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mashine ikinguruma kichwani mwa mtu, mdomo wake ulinguruma zaidi: mpira, bei ya sukari, ndoa za watu. Mkewe, aliyeshona mapazia chumba cha pili, alikuwa akigonga ukuta kwa mkasi: "Mume wangu, mnyoe mwenzio nywele, siyo masikio!"

Asubuhi moja alisikia mashine tu. Alipochungulia, alimkuta mumewe ameegemea kiti, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia. Mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, alikuwa amemkumbatia asianguke.

Hospitalini, daktari aliweka kiganja juu ya sikio lake mwenyewe la kushoto.

"Mama, upande huu wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Na hapa mbele ndipo maneno yanapoundwa ili yatamkwe. Mshipa umeziba, sehemu hiyo imekosa damu. Kisogoni, panapohusika na kuona, pako salama. Ubongo mdogo, unaotupa mizani, mzima. Shina la ubongo, linaloongoza pumzi, zima pia."

"Na kusikia?"

"Anasikia. Anaelewa karibu yote. Kusema ndiko kulikokatika."

Likamrudia neno moja tu: "bado." Ukimwuliza jina lake, bado. Ukimpa chai, bado. Majirani walicheka, wakadhani ni utani wake wa zamani. Yeye alijua kuwa limetoka silo, akapiga paja kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtoka. Mkewe peke yake ndiye aliyeweza kuzitenganisha hizo bado kwa sauti: ya kiu, ya maumivu, ya hasira, hata ya mzaha. Jioni walikaa kibarazani, mama akisimulia umbea wa mtaa, mzee akichangia kwa neno lake hilo hilo.

Miaka michache baadaye moyo wa mama ulisimama, akiwa anakunja pazia.

Siku ya maziko, binti yao mkubwa aliinama sikioni mwa baba yake. "Baba, tufunge jeneza?"

"Bado."

Watu wakasubiri. Akaulizwa tena.

"Bado."

Hakuna aliyejua kama anaomba muda au anaagana naye kwa alicho nacho. Mwishowe shemeji yake akamnong'oneza, "Shemeji, mwache dada apumzike." Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akakivuta kifuniko mwenyewe.

Binti akamchukua kwake. Alimpenda, ila sikio la mama yake hakulirithi. Mzee akisema neno lake, binti huleta maji, kisha blanketi, kisha mto, kimoja kimoja, akimtazama usoni.

"Ni hiki, Baba?"

Mara nyingine hupatia. Mara nyingine vitu hujaa kitandani, na mzee hugeukia ukutani akafumba macho.